Kabla Kivinjari cha Zamani Hakijafungwa

9 Februari

Mwanangu Chogo,

Nakusalimu wewe, mkwe wangu na wajina wangu. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo siku hizi linapanda ngazi kwa masharti. Jirani wa chini amejifungua mapacha, kwa hiyo jengo zima linalea.

Najua utauliza kwa nini barua wakati simu ipo. Simu nimeiweka kabatini. Kioo chake kinanichosha, na watu wanaandika kama wanaokimbizwa. Niandikie kwenye karatasi, na tafadhali tafuta wino mweusi. Barua yako ya mwisho ilikuwa imepauka, nikaipeleka mpaka dirishani.

Sasa jambo lenyewe. Unajua kwamba hapa gazetini hatusahihishi tena kwenye karatasi. Kurasa zote tunazifungua mtandaoni, na mimi miaka yote nimetumia kivinjari kile kile kilichokuja na kompyuta. Jumatatu fundi wa mitambo alisimama katikati ya chumba akatangaza kwamba mwisho wa Aprili kivinjari hicho kitafungiwa, mfumo wa gazeti hautafunguka tena humo. Kila mtu achague kimoja kati ya viwili: kile chenye alama ya jani na kile chenye alama ya tone. Wenzangu wakahama kabla ya chai. Mimi nikasema nina kurasa za haraka.

Tatizo ni kwamba kwenye hiki cha zamani mkono wangu unajua njia. Kitufe cha kuhifadhi kiko mahali pake, cha kumrudishia mhariri ukurasa kiko mahali pake, sina haja hata ya kutazama. Nilichungulia jani kidogo, nikakuta vitu vimehamishwa kama nyumba ya mwanamume aliyeoa upya. Niambie wewe mwenye ujuzi, kipi kati ya hivyo viwili kinafanana zaidi na cha zamani? Na je, kuna namna ya kubaki nilipo?

Usimsomee mkwe wangu barua hii. Atasema nimezeeka.

Shangazi yako


27 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Huku tunaendelea. Wajina wako amejifunza kupiga mbinja, na mama yake ametangaza kwamba ndani ya nyumba ni marufuku, kwa hiyo anasimama kizingitini, miguu ndani na mdomo nje. Mimi ni maktaba na nyumbani, nyumbani na maktaba. Gari nimeliuza. Natembea kwa miguu, na kitambi kimeanza kuniaga.

Nimevijaribu vyote viwili hapa maktabani, kimoja kwenye kompyuta ya kulia na kingine ya kushoto. Jani ni chepesi, kinafunguka upesi, hata mashine kuukuu zinakimudu. Ubaya wake kinaficha vitu. Ukitaka kitu unakitafuta ndani ya vitu. Tone ni kizito kufunguka, lakini vitufe vyake unaweza kuvipanga upendavyo, na kina hali ya kusoma, yaani ukibonyeza mara moja kinaondoa matangazo na mapambo yote kinakubakizia maandishi matupu.

Kubaki haiwezekani, Shangazi. Waliokitengeneza kile cha zamani wameacha kukikarabati. Ni kama mlango ambao kitasa chake kimelegea na fundi wake kahama mji.

Kwa kuwa wenzako wamekwenda kwenye jani, nenda huko huko. Ukikwama, kuna wa kukukwamua. Kisha kuza herufi, ziwe kubwa mara moja na nusu. Hilo si jambo la kuonea haya.

Nimebadilisha wino.

Chogo


11 Machi

Chogo mwanangu,

Marahaba. Wino umeiona dunia, ahsante. Goti halijambo. Mapacha wamepata sauti.

Nilihamia jani siku mbili, nikarudi. Ukikuza herufi, ukurasa unakuwa mkubwa kuliko meza. Nasoma mwanzo wa mstari, nikifika katikati mwanzo umeshapotea, na nikirudi kutafuta mstari unaofuata naangukia ule niliotoka kuusoma. Ukurasa mzima unatawanyika kama mbegu zilizomwagika. Halafu ule weupe wake unanipiga usoni.

Siku ya pili mwandishi mmoja msichana, anayekaa kulia kwangu, aliniwekea kikombe cha chai kando ya mkono. Nilikipiga kumbo, chai yote ikaingia kwenye kibodi. Akasema, "Mama, si nimekwambia nimekuwekea hapo?" Nikamwambia nilikuwa mbali kimawazo. Akacheka, akaleta kitambaa. Ni msichana mwema. Siku hizi kikombe changu anakiweka mbele yangu kabisa, bila kusema kitu. Sijui kwa nini jambo hilo limeniudhi kuliko chai yenyewe.

Fundi wa mitambo kaniuliza mara ya pili kama nimehama. Nikasema bado nalinganisha. Akasema, "Mama, ni kivinjari tu, si mume." Chumba kizima kikacheka, na mimi nikacheka pamoja nao.

Nifanyeje?

Shangazi


2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, na samahani kwa kuchelewa. Kulikuwa na mambo. Mke mwenzio (ndivyo mke wangu anavyojiita akikutaja) anakusalimu.

Achana na jani. Nenda kwenye tone, na ufanye hivi. Herufi usizikuze, zipunguze. Zikibaki za kawaida tu zinatosha. Fungua hali ya kusoma, kisha punguza upana wa safu mpaka mstari uwe na maneno matano au sita. Safu nyembamba, katikati ya kioo. Nyuma pawe peusi, maandishi yawe ya manjano, si meupe. Punguza mwanga wa kioo. Ukisoma usikimbize macho, geuza kichwa taratibu. Weka kidole kwenye ukingo wa kushoto wa kioo ili kukurudisha mwanzo wa mstari. Na usikae ukilitazama dirisha.

Jaribu hivyo wiki moja.

Na nikuulize, usikasirike: umepima macho lini?

Chogo


20 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mkwe wangu mwambie ukewenza huo nimeukubali, lakini zamu ya kupika ni yake.

Nimehamia tone. Nilifanya kama ulivyosema, neno kwa neno, na nakwambia kweli, mwanangu, nilikaa mbele ya ile safu nyembamba nikasoma habari nzima, mwanzo mpaka mwisho, bila kupotea. Sijui ni lini mara ya mwisho nimesoma hivyo. Ilikuwa habari ya mnada wa samani za ofisi, na nikairudia tena.

Lakini kuna kasoro. Ile hali ya kusoma ni ya kusoma tu, hairuhusu kusahihisha. Kwa hiyo nasoma huku, nikiona kosa nalikariri, natoka, naingia kwenye ukurasa wenyewe uliojaa, nalitafuta, nalirekebisha, narudi. Kazi ya saa moja inakula asubuhi. Mhariri amepita nyuma yangu akatazama kioo cheusi chenye maandishi ya manjano, akauliza kama nimefungua duka la usiku.

Hata hivyo nimehama, na fundi amenipigia makofi mbele ya watu.

Hilo swali lako nitalijibu siku nyingine.

Shangazi


14 Mei

Chogo,

Sikungoja jibu lako. Kaa chini ndipo usome.

Wiki iliyopita tulichapa tanzia. Mzee mmoja, fundi seremala, kafariki, na tangazo limeletwa na mwanawe wa kwanza. Maneno yalikuwa sawa. Majina yalikuwa kwenye kisanduku pembeni mwa ukurasa, marehemu juu, wafiwa chini, na aliyekichapa kisanduku hicho aliyapindua. Mimi niliisoma tanzia hiyo kwenye safu yangu nyembamba, herufi kwa herufi, nikaipitisha. Hali ya kusoma ilikiondoa kisanduku. Inaondoa vya pembeni vyote, kumbe. Nilipotoka kwenda kwenye ukurasa wenyewe kuupitisha, kisanduku kilikuwepo, kulia. Lakini mimi kulia sina.

Kesho yake akaja mwanamume mmoja mrefu, amevaa suti nyeusi, gazeti mkononi. Akaulizia aliyesahihisha ukurasa ule. Wakamleta mezani kwangu. Nilimsikia kabla sijamwona.

"Mama," akasema kwa upole, "ni wewe uliyenizika?"

Hakupaza sauti. Akasema watu wamemlilia mama yake mlangoni tangu alfajiri, na mama yake, ambaye ametoka kumpoteza mume, alipigiwa simu na ndugu wa mbali akaambiwa apokee pole ya msiba wa mwanawe. Akaanguka. Yuko hospitali. "Mimi nimekuja tu kuonyesha kwamba nipo," akasema. "Nataka mnitazame."

Nikamtazama. Niliona tai yake, kisha kidevu, kisha jicho moja. Ilinibidi nimkusanye kipande kipande.

Mhariri aliniita ofisini, akageuza kioo chake upande wangu. "Nisomee ukurasa huu," akasema. Nikaanza. Akaningoja mpaka nikapotea. Kisha akauliza, "Tangu lini?" Nikamwambia. Akafunga mlango, akakaa, akaziba uso kwa viganja. Tumefanya kazi pamoja tangu akiwa mwandishi chipukizi. Aliniambia nimalize mwezi. Nikamwambia sina haja ya kuumaliza, nikakusanya vitu vyangu siku hiyo hiyo. Yule msichana alinishika mkono kwenye ngazi zote.

Ni presha ya macho. Daktari aliniambia mwaka jana. Kilichokwenda hakirudi, natia dawa ya matone ili kilichobaki kisiende upesi. Nimebakiwa na katikati, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Sikukwambia kwa sababu nikishamwambia mtu litakuwa kweli.

Sasa zamu yangu kuuliza. Mimi nilikwambia tu kwamba ukurasa unatawanyika. Mtu mwingine yeyote angenishauri nikuze zaidi. Wewe ukasema nipunguze. Ukasema safu nyembamba, manjano juu ya weusi, nigeuze kichwa badala ya macho, niweke kidole ukingoni, nisitazame dirisha. Daktari wangu mwenyewe hakunifundisha hayo. Na gari umeliuza.

Umeyajulia wapi, Chogo?

Shangazi yako


19 Juni

Mwanangu,

Nimeulizia posta. Barua yangu ilifika.

Nangoja.

Shangazi


30 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Wajina wako na mama yake wazima. Nimeandika barua hii mara nyingi nikaichana.

Nilipimwa mwaka jana, mwezi wa Novemba. Nilikuwa naendesha gari, wajina wako nyuma, akapiga kelele, "Baba, mtu!" Nikakanyaga breki. Mbele yangu amesimama mwanamke ameshika baiskeli yake, ametokea kulia, na mimi sikuwa nimemwona kabisa. Si kwamba nilichelewa kumwona. Hakuwepo, kisha akawepo. Hatukumgusa. Alinitukana, nikashukuru kutukanwa. Kesho yake nikaenda hospitali peke yangu.

Daktari akaniuliza kama kuna mtu katika ukoo. Ndipo nikamkumbuka baba. Wewe unakumbuka alivyoiacha meza yake ya kutengenezea saa, akawa anakaa ameelekea ukuta, redio kwenye mapaja. Sisi tukasema amesusa. Mama alimnunia miaka miwili kwa sababu alikuwa akipishana naye ukumbini bila kumsemesha. Hakuwa akimwona, Shangazi. Maskini alikufa akijulikana kwa kiburi.

Mke wangu hajui. Gari nilimwambia linakula mafuta. Dawa ya macho naificha kwenye mkoba wa nyaya, natia chooni. Ile safu nyembamba niliigundua mwenyewe, baada ya miezi ya kuhangaika na vivinjari vyote ulimwenguni, nikivilinganisha kama mwenda wazimu: kipi kina weusi wa kweli, kipi kinakubali mstari mfupi, kipi kina sauti ya kusoma siku nitakayoihitaji. Ulipouliza mara ya kwanza nilikupeleka kwenye jani kwa makusudi. Nilitaka uwe na macho ya uzee tu. Nikasema akikuza herufi akaona, basi ni uzee. Ukaandika kwamba ukurasa unatawanyika, nikaisoma barua hiyo nimesimama kwenye makabati ya vitabu, kisha nikairudia tangu mwanzo.

Na hata mimi niliyekuhamisha sijahama. Hapa maktabani bado natumia kile cha zamani, kinachonipiga weupe kutwa nzima, kwa sababu nikibadilisha rangi wataniuliza.

Yule mtu wa tanzia ananijia usingizini. Mimi ndiye niliyekuambia ufungue hali ya kusoma. Kwamba inaondoa visanduku nilijua, sikufikiri.

Nisamehe.

Chogo


12 Julai

Mwanangu Chogo,

Marahaba. Salamu nyingine ziache, sina habari. Nashinda nyumbani.

Barua yako niliisoma kwa siku mbili, kipande kipande, na nilipomaliza nikalala na viatu. Nilikuwa nimejiambia kwamba balaa hili la macho baba yako alikwenda nalo, na mimi nitakwenda na lililobaki, na hapo limekwisha. Nilikuwa nimejifariji hivyo. Sasa sina hata hilo.

Daktari wangu aliniagiza niwaambie ndugu wa damu wapimwe. Nadhani na wako alikuagiza hivyo. Mimi nikanyamaza nisikutie hofu, wewe ukanyamaza nisihuzunike, na tukabaki tunaandikiana habari za vivinjari. Basi.

Tone kinanisomea gazeti kila asubuhi. Ile sauti inasoma kama askari anayeandikisha maelezo, tanzia na matokeo ya mpira ni mamoja. Nasikia makosa. Jana neno moja limerudiwa mara mbili katika aya ya kwanza, nikanyoosha mkono kushika kalamu. Nikabaki nimeunyoosha hewani. Nani nitampelekea? Nikakizima.

Ulichoandika chote nimekielewa, na la kusamehe silioni. Ila kuna jambo hukuliandika. Umenieleza macho ya baba yako, na yako, na yangu. Wajina wangu umemtaja kwa mbinja na kwa kelele za garini tu.

Mtoto amepimwa?

Kama hajapimwa, mwambie mama yake leo hii, usingoje Jumapili, usingoje atulie. Najua unachoogopa. Unaogopa atakutazama kama mama yako alivyomtazama baba yako. Na aogope nani asiogope nani, mtoto atiwe dawa mapema kama anaihitaji, maana sisi watatu hakuna aliyewahi. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi. Nitapanda basi nije, na mtanipokea kituoni kwa sababu ngazi za basi sizioni.

Shangazi


23 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Nilimwambia siku barua yako ilipofika. Alikuwa anakunja nguo. Aliendelea kukunja mpaka zikaisha, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo ulikuwa unamvusha barabara mwanangu kila asubuhi, na huoni?" Nikasema naona mbele. Akachukua nguo alizozikunja akazikunja upya. Usiku huo alilala chumbani kwa mtoto, na bado analala huko. Hajanitukana. Afadhali angenitukana. Asubuhi anamsindikiza yeye shule.

Tulimpeleka Alhamisi, sote watatu. Pale hospitali kuna mashine kama bakuli kubwa jeupe. Mtoto anaweka kidevu, anafumbwa jicho moja, anapewa kitufe. Ndani ya bakuli vinawaka vinukta vya mwanga, kimoja huku, kimoja kule, na kila akikiona anabonyeza. Muuguzi alimwambia ni mchezo. Wajina wako anapenda michezo, unamjua. Alikaa wima, ulimi umemtoka pembeni kwa umakini.

Mimi nilikaa nyuma yake, mahali ambapo nilivisikia vibonyezo. Tik, tik, tik. Kisha kimya. Nikamwona muuguzi anatazama kioo chake. Mashine ilikuwa inaendelea kuwasha, Shangazi. Mtoto alikuwa ametulia na kitufe chake, anangoja mwanga uje. Mama yake alinishika mkono. Ni mara ya kwanza tangu nimwambie, na aliushika kwa nguvu mpaka kucha zikaingia.

Jicho la kushoto halijaguswa. La kulia limeanza, kwenye kona ya juu. Daktari anasema tumewahi, kwamba kwa dawa na kwa bahati anaweza kukaa nalo miaka mingi. Alilisema neno bahati mara mbili. Ameanza dawa. Mama yake anamtia, mimi siruhusiwi, anasema mkono wangu utakosea.

Maktabani nimehama. Nimeweka weusi na manjano mbele ya kila mtu. Hakuna aliyeuliza chochote.

Mashine ilipozimwa, wajina wako aliruka kutoka kwenye kiti, akamkimbilia muuguzi.

"Nimeshinda?"

Muuguzi akatutazama sisi. Mimi nilifungua mdomo. Mama yake akapiga magoti, akamshika mashavu, akamwambia ndiyo, umeshinda, umeviona vyote. Mtoto akanigeukia mimi ili niseme na mimi.

Nikasema vyote.

Chogo